Siku Tisa Tokyo Bila Kijapani

Neno la kwanza la Kijapani nililolisoma kwa macho yangu mwenyewe, bila kusaidiwa na simu wala na mtu, lilikuwa 出口. Nililisoma saa mbili usiku ndani ya stesheni ya Shinjuku, baada ya kuzunguka humo kwa karibu dakika 40 nikivuta sanduku langu, nikipanda ngazi na kuzishuka tena, nikipita mbele ya duka lile lile la maua mara tatu. Shinjuku ndiyo stesheni inayotambuliwa na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kuwa yenye abiria wengi kuliko zote duniani. Kabla ya janga la korona walikuwa wakipita hapo zaidi ya watu milioni 3 kwa siku, na milango yake ya kutokea inazidi 200. Mtu anayesimama katikati ya ukumbi huo bila kujua aelekee wapi anakuwa kama jiwe ndani ya mto: maji yanampita kushoto na kulia, hayamgusi, wala hayamwambii kitu.

Nilisimama kando ya nguzo, nikaacha kutafuta njia na kuanza kutazama. Juu yetu kulikuwa na mbao nyingi, na miongoni mwake zile za rangi ya manjano zilirudia alama mbili zile zile: ya kwanza ilifanana na kilima kilichobebwa na kilima kingine, na ya pili ilikuwa mraba mtupu. Watu waliokuwa na mikoba ya kazini na nyuso za kwenda nyumbani walielekea zilikoelekeza mbao hizo. Nikawafuata, na baada ya dakika tano nikahisi upepo wa nje usoni. Baadaye nilijifunza kwamba ule mraba ni alama ya kinywa, na kwamba mbili hizo kwa pamoja humaanisha mahali pa kutokea. Tangu usiku ule sikuwahi tena kupotea ndani ya stesheni kwa zaidi ya dakika kumi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ile kwa miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kukariri sentensi za maongezi: stesheni iko wapi, hiki ni kiasi gani, tafadhali nisaidie. Leo nikiulizwa na mtu anayekwenda kutembelea jiji kubwa ambalo lugha yake haijui, namshauri aanze na macho, ulimi ufuate baadaye. Swali ulilolikariri vizuri huleta jibu, na jibu ndilo usiloweza kulielewa. Alama uliyoizoea kwa umbo haina haraka, haikutazami unavyobabaika, nayo itakungoja pale pale ilipo mpaka uitambue.

Kwa msemaji wa Kiswahili mtego wa ulimi ni mkubwa zaidi Tokyo kuliko katika miji mingine mingi, kwa sababu matamshi ya Kijapani yanamjia kwa wepesi unaodanganya. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi zao karibu zote huishia kwa irabu. Asakusa, Akihabara, Ikebukuro, Kanda: majina haya yakiandikwa kwa herufi za Kirumi, msomaji wa Kiswahili huyatamka bila kufundishwa, wakati watalii wengine kando yake wanayakunjakunja mpaka mwenyeji ashindwe kuyatambua. Hata maneno ya kigeni wameyapokea kwa namna tunayoijua sisi, kwa kuyavisha irabu hadi yakae vizuri kinywani. Basi ni basu, hoteli ni hoteru, tiketi ni chiketto. Nilipoligundua jambo hilo nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Siku ya pili, pale Ueno, nilimwendea mfanyakazi mmoja wa reli aliyevaa glavu nyeupe nikamuuliza Asakusa iko wapi, kwa sentensi niliyoikariri mwezi mzima. Nilitamka vizuri kupita kiasi. Uso wake ulikunjuka kwa faraja ya mtu aliyedhani anakuja kuulizwa kwa lugha asiyoijua, akaanza kunieleza. Alieleza kwa ukarimu, bila pupa, akionyesha juu, akionyesha chini, akitaja mambo ambayo bila shaka yalikuwa na manufaa makubwa, na mimi katika maelezo yote hayo nilidaka neno moja tu, Ginza. Aliutazama uso wangu, akaelewa. Hakuonyesha kukereka. Alinyamaza, akanisogeza kwenye ramani ya ukutani, akaweka kidole juu ya duara la rangi ya chungwa lenye herufi G na namba 16 ndani yake, kisha akakihamisha hadi kwenye duara jingine lenye G na namba 19, akainua vidole vitatu. Vituo vitatu. Nilimwinamia kwa shukrani, naye akainama zaidi yangu.

Njia hiyo ya Ginza ndiyo reli ya abiria ya chini ya ardhi iliyo kongwe kuliko zote barani Asia. Kipande chake cha kwanza, kilichofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1927, ndicho hicho hicho cha kutoka Ueno hadi Asakusa, urefu wa kilomita 2.2. Lakini herufi na namba ni za juzi tu. Treni za chini ya ardhi za Tokyo zilianza kuzitumia mwaka 2004, na mwaka 2016 zikafuata njia za juu za kampuni kuu ya reli, ikiwemo ile ya mviringo iitwayo Yamanote, yenye mstari wa kijani na vituo 30, kuanzia JY01 ambayo ni stesheni ya Tokyo yenyewe hadi JY30. Sijui kama wenyeji wanazitazama namba hizo hata mara moja kwa mwaka. Kwangu zilikuwa ufunguo wa jiji zima, kwani zililigeuza jiji lenye watu takriban milioni 14 kuwa hesabu ya kujumlisha na kutoa. Nikiwa Ueno, ambayo ni JY05, na nikitaka kwenda Harajuku, ambayo ni JY19, nilihitaji kujua jambo moja tu: kituo kinachofuata kiwe 06, kisiwe 04. Na hata nikikosea upande, duara lile la kilomita 34.5 lilikuwa lizunguke na kunifikisha pale pale. Kutoka Ueno hadi Harajuku ni vituo 14 kwa upande mmoja na 16 kwa upande wa pili. Nilikosea mara mbili. Mara zote mbili nilibaki nimekaa, nikatazama mapaa ya nyumba, viwanja vya shule na nguo zilizoanikwa vibarazani zikipita dirishani, nikafika.

Namna hii ya jiji kusema na mtu asiyejua lugha yake ina historia, na nikiri kwamba historia hiyo ilinigusa kuliko mahekalu na maghorofa niliyokuwa nimeyafuata. Tokyo ilipojiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964, waandaaji walijua kwamba watapokea maelfu ya wageni kutoka pembe zote za dunia, na kwamba hawa hawatajua Kijapani, wala wenyeji hawatajua lugha zao zote. Masaru Katsumi, aliyesimamia kazi ya usanifu wa michoro, aliwakusanya wasanifu vijana wakachora alama za picha: za michezo, na pia za vyoo, simu, mahali pa kula na mahali pa huduma ya kwanza. Kazi ilipokwisha aliwaomba wasiidai hakimiliki, ili alama zile ziwe mali ya jamii. Kila mara mtu anapotafuta choo katika kiwanja cha ndege na kuona mwanamume na mwanamke waliochorwa kwa maumbo mepesi, anavuna kwa sehemu fulani alichopanda Katsumi na vijana wale.

Halafu yupo yule mtu wa kijani anayekimbia kuelekea mlangoni, ambaye leo yumo juu ya milango ya dharura katika nchi nyingi. Naye ametoka Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mioto mikubwa iliua watu wengi katika majengo ya maduka, na swali likaulizwa kama maandishi yaliyokuwa yakitumika kuonyesha mlango wa kutokea yanaonekana vya kutosha katika moshi. Yakafanyika mashindano ya kutafuta alama mpya, na mchoro ulioshinda ukaboreshwa na kikundi cha msanifu Yukio Ota, kisha katika miaka ya 1980 ukakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa. Mtu anayekimbia moto hana nafasi ya kusoma. Ninaamini kabisa kwamba aliyemfikiria mtu huyo akamfikiria na mgeni, maana wote wawili wanauona ukuta uliojaa maneno yasiyowafaa.

Hata miguu imesemeshwa. Katika stesheni na barabara nyingi za Tokyo hutandazwa mstari wa vigae vya manjano vyenye vinundu, uvumbuzi wa Seiichi Miyake wa mwaka 1965, ambao uliwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika mji wa Okayama kwa ajili ya watu wasioona. Nukta humwambia mtu asimame na kuwa mwangalifu, na mistari mirefu humwambia aendelee mbele. Siku ya nne, mvua ilipokuwa ikinyesha na mwavuli umenizibia mbao zote, niliufuata mstari huo kwa nyayo kutoka kwenye geti hadi kwenye kivuko, na nikajua pa kusimama kabla sijainua kichwa.

Kula ni jambo jingine, kwa sababu njaa haina subira ya kujifunza. Watu wengi husifu sanamu za chakula zilizopangwa kwenye vioo vya mbele ya migahawa, bakuli kwa bakuli, zikiwa zimetengenezwa kwa ustadi hata mvuke tu ndio uliokosekana. Zinafaa kweli, maana unamwita mhudumu nje na kuonyesha kidole. Lakini mahali nilipojifunza zaidi palikuwa kijimgahawa cha tambi chenye viti tisa, ambamo mtu haagizi kwa mdomo bali kwa mashine iliyo mlangoni. Mashine ile ilikuwa na vitufe zaidi ya 30, hakuna chenye picha, na nyuma yangu walikuwa wamekwisha kupanga foleni watu wanne. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kitufe cha juu kabisa upande wa kushoto kwa kawaida ndicho cha chakula kinachojulikana zaidi hapo. Nikatia noti, nikabonyeza hicho. Tiketi ndogo ikaanguka pamoja na chenji.

Nilikaa, nikaiweka tiketi mbele ya mpishi. Aliitazama, akanitazama, akaniuliza swali fupi. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza tena, polepole, na nikaelewa kwamba swali lile halikuwa la ndiyo au hapana, bali la kuchagua. Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa kiti cha pili aliposogeza bakuli lake kuelekea kwangu, akachukua utambi mmoja kwa vijiti akauinua, akaubana kidogo kuonyesha ugumu, kisha akaulegeza mkono kuonyesha ulaini, halafu akaushikilia katikati na kuniangalia. Swali lilikuwa ni tambi zangu ziive kiasi gani. Nilionyesha katikati. Mzee akamwambia mpishi neno moja, akarudi kwenye bakuli lake, na hakunitazama tena mpaka alipoondoka. Nimekwisha kukaribishwa kwa maneno mengi mazuri katika maisha yangu, na sikumbuki karamu iliyonifanya nijihisi nimeonekana kama utambi ule mmoja ulioinuliwa kwa ajili yangu.

Ningekuwa sisemi kweli nikiishia hapo. Usiku wa siku ya tano nilisukuma mlango wa mkahawa mdogo katika kichochoro kimoja, na kabla sijaingiza mguu wa pili mwenyewe aliinua mikono yake miwili na kuipishanisha mbele ya kifua, umbo la X. Ndani kulikuwa na viti vitupu, niliviona. Ishara ile Tokyo ni ya kawaida, inamaanisha hapana, haiwezekani, na hutumika hata pasipo ukali wowote. Huenda viti vile vilikuwa vimewekewa watu, au jiko lilikuwa limefungwa, au mwenyewe aliogopa kushindwa kunihudumia ipasavyo bila lugha. Huenda pia hakuwataka wageni. Nilirudi nje na maumivu ambayo hayakuwa na pa kwenda, kwa kuwa nilikosa neno la kuuliza sababu, na yeye alikosa neno la kuieleza. Mtu anayesifu usafiri usio na lugha hana budi kuutaja na ukimya wa namna hii, ambao humwachia mgeni ajaze mwenyewe nafasi ya maelezo, na usiku, ukiwa na njaa, nafasi hiyo huijazi kwa mambo mema.

Kuhusu simu nitasema machache. Programu za kutafsiri maandishi kwa kamera ni msaada mkubwa palipo na dawa, mkataba wa chumba au viungo vya chakula, na mtu ambaye mwili wake haupatani na chakula fulani asitembee bila karatasi iliyoandikwa jambo hilo kwa lugha ya wenyeji, iliyohakikiwa na mtu anayeijua. Palipo na mambo ya hatari, macho hayatoshi. Lakini kwa kutembea na kutazama, niliizima programu ile siku ya tatu. Kila nilipoinua simu mbele ya mlango au ubao, nilipata sentensi iliyovunjika na nikaukosa ubao wenyewe: rangi yake, mkono ulioandika, yule aliyesimama chini yake. Kwenye lifti ya hoteli vitufe vya kufungua na kufunga mlango vilikuwa 開 na 閉, viwili vinavyofanana kama mapacha, na simu ilinitafsiria vizuri kila mara, na kila mara nilisahau. Siku niliyoitazama kwa utulivu michoro iliyomo ndani ya alama zile mbili, ambazo zote zina fremu kama lango, nikaona kwamba moja lina umbo kama geti lenye komeo mbili lililonyooka, na jingine lina kijiti kilichopinda kama mtu aliyeegemea mlango kuuzuia, sikuzichanganya tena.

Pana kitu kimoja ambacho hata macho hayakunisaidia, nacho ni anwani. Barabara nyingi za Tokyo hazina majina. Anwani hutaja mtaa, kisha namba tatu: sehemu ya mtaa, kitalu, na jengo. Namba za majengo hazifuatani lazima kwa namna ambayo anayetembea barabarani anaiona. Mchana mmoja karibu na Yanaka, mtaa wa vichochoro na makaburi ya kale ambao sehemu yake kubwa ilinusurika mabomu ya vita, niliitafuta nyumba ndogo ya maonyesho kwa saa nzima nikiwa na karatasi yenye namba tatu sahihi mkononi. Mwishowe nikaiona taa nyekundu ya kibanda cha polisi. Vibanda hivi, viitwavyo koban, vipo Tokyo tangu karne ya 19, na kuwaonyesha watu njia ni sehemu kubwa ya kazi yao. Askari aliyekuwa zamu alikuwa kijana. Aliisoma karatasi yangu, akafungua kitabu kikubwa cha ramani ambamo kila jengo la mtaa lilikuwa limechorwa, akatembeza kalamu juu ya karatasi ya plastiki mpaka ikasimama. Kisha akachora kwenye ukurasa mtupu: kibanda chake, kona, mti, kona, mashine ya vinywaji, mlango. Mti aliuchora kwa uangalifu, na majani yake. Nilipoufikia niliona ni mti mkubwa wa mwerezi uliokuwa umegawanya njia mbili, ambao hakuna mtu angeupita bila kuuona, na nikaelewa kwamba alikuwa amefikiri nitahitaji nini mtu kama mimi, nisiyeweza kusoma chochote kingine pale.

Siku ya sita nilikwenda Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1872, ndani ya bustani ya Ueno. Nilitembea vyumba vya panga na vya nguo kwa furaha isiyo na kizuizi, maana chuma na hariri vinajieleza. Halafu nikaingia chumba cha maandiko ya brashi. Katika kioo kimoja palikuwa na karatasi ndefu yenye mistari ya wino mweusi inayoteremka, minene hapa, imefifia pale, na nilisimama mbele yake nikifuata mwendo wa mkono ulioiandika. Nilidhani ninaiona. Mwanamume mmoja wa makamo alikuja akasimama kando yangu. Midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti, kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari kuelekea kushoto, na alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena. Mara ya pili alivua miwani akaipangusa, kisha akapangusa na macho.

Sikujua karatasi ile ilisema nini. Upande wa kidirisha kulikuwa na maelezo mafupi ya Kiingereza yaliyotaja karne, aina ya karatasi na vipimo. Kilichomliza yule bwana hakikuwemo. Nilibaki pale baada yake, nikiutazama wino ule ule, na nikakubali kwamba nimelizunguka jiji hili siku sita nikiupapasa mlango wake kwa nje, na kwamba ndani ya nyumba kuna watu wanaozungumza.

Hekalu la Sensoji, huko Asakusa, niliacha liwe la mwisho. Masimulizi yake yanarudi hadi mwaka 628, wavuvi wawili ndugu walipoopoa katika mto Sumida sanamu ya Kannon, ambaye Wabudha humheshimu kama mwenye huruma. Jengo kuu la leo ni la mwaka 1958, kwani lile la kale liliteketea katika mashambulizi ya anga ya mwaka 1945. Langoni inaning'inia fanusi nyekundu ya karatasi yenye urefu wa mita 3.9 na uzito wa takriban kilo 700, na watu hupiga picha chini yake kutwa. Mimi nilivutwa na kitu kidogo zaidi. Kando ya ua kuna makabati ya mbao yenye vidroo 100, na mbele yake mitungi ya chuma iliyojaa vijiti. Unatoa sadaka ndogo, unautikisa mtungi, kijiti kimoja kinachomoza katika tundu, na juu yake imeandikwa namba. Namba hiyo ndiyo ya kidroo chako, na ndani ya kidroo kuna karatasi ya bahati. Namba zimeandikwa kwa kanji, zile alama za Kijapani zenye asili ya Kichina.

Kijiti changu kilisema 六十九. Alama ya kwanza ilikuwa kama mtu aliyevaa kofia ametanua miguu, ya pili msalaba, ya tatu ndoano yenye mkia. Nilipita mbele ya vidroo nikilinganisha, nikakiona chenye ndoano, msalaba na mtu wa kofia, nikaweka mkono kukivuta. Hapo ndipo niliposita. Alama zilikuwa zile zile, ila ndoano ilikuwa mwanzo. Kidroo kile kilikuwa cha 96, na kijiti changu kilikuwa cha 69. Nilirudi nyuma safu mbili, nikakipata kilicho changu, na katika ziara yote ile sikumbuki kusoma kitu kwa makini kama nilivyosoma alama zile tatu.

Karatasi ilikuwa na alama moja kubwa zaidi ya nyingine: 凶. Nilishaijua sura yake bila kujua sauti yake, kwa sababu ni X iliyowekwa ndani ya kisanduku kisicho na kifuniko, na mikono ya yule mwenye mkahawa ilinirudia akilini. Ni bahati mbaya. Sensoji inajulikana kwa kutoa karatasi za aina hiyo kwa wingi, karibu tatu katika kila kumi, maana haijazipunguza kama walivyofanya wengine. Nilisimama nayo mkononi. Bibi mmoja aliyekuwa karibu, mfupi, mwenye kikapu cha magurudumu, aliiona alama ile kabla ya kuniona mimi. Alisema "ah", akanyoosha mkono. Nikampa karatasi. Aliikunja kwa urefu, mara moja, mara mbili, mpaka ikawa utepe, akanipeleka kwenye vyuma vilivyojaa tepe nyeupe kama hizo, akauzungusha wangu na kuufunga fundo, kisha akaupigapiga kwa vidole viwili ili ukae. Bahati mbaya huachwa pale pale, mtu haondoki nayo.

"Daijobu," aliniambia. Hilo nilikuwa nimelisikia madukani, kwenye ngazi za treni, kwa mama akimwinua mtoto aliyeanguka. Maana yake ni kama kusema: hakuna neno.

Siku ya kuondoka nilipanda Yamanote pale Akihabara kuelekea Nippori, niunganishe treni ya kiwanja cha ndege. Behewa lilikuwa kimya kama ilivyo desturi, simu zote zikiwa zimenyamazishwa. Kiti cha mbele yangu alikuwapo mtoto wa miaka minne au mitano, mama yake amemvua viatu na kuvipanga sakafuni ili apige magoti juu ya kiti na kutazama nje. Katika siku tisa nilikuwa nimejifunza hiragana, zile alama za silabi wanazoanza nazo watoto, si zote, na kwa kusitasita. Treni ikasimama, na ubao wa kituo ukatulia katikati ya dirisha letu: うえの. Mtoto akaweka kidole kwenye kioo. U, akasema. Nilikuwa nimekwisha kuanza na mimi, kwa sauti ya chini. E. No. Tukamaliza pamoja, naye akageuka kunitazama kwa mshangao, akamtazama mama yake, akanitazama tena.

Kituo kilichofuata kilikuwa Uguisudani, JY06, alama sita. Alizimaliza kabla yangu, akageuka, akaningoja.